Sungura Mwenye Adabu

Watu wa kale hawakuwa wajinga. Waliposema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, walitaka kutuonya kuwa utulivu usio na sababu si wa kushangiliwa, ni wa kuchunguzwa. Mtoto aliyenyamaza chumba cha pili huenda ana mkasi mkononi. Sufuria iliyoacha kutokota huenda imekauka maji. Methali hii wengi tunaijua tangu tukiwa na meno ya utotoni, lakini kuijua ni jambo moja na kuikumbuka siku yake inapofika ni jambo jingine. Mama Sabuni naye aliijua. Aliyemfundisha kuikumbuka alikuwa kiumbe mdogo wa kutosha kwenye bakuli.

Mama Sabuni alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa mabeseni na mashine ya kufulia iliyotetemeka kama mtu mwenye homa. Chumba kilichofuata kilikuwa na meza ndefu ambako mumewe alisimama kutwa akipiga pasi, na uani kamba za nguo zilikatizana kila upande. Jina lake alipewa na majirani kwa sababu alinukia sabuni hata alipokwenda kuhani msiba. Uchafu alikuwa na ugomvi nao wa tangu kuzaliwa. Mgeni akiinuka kitini, kiti kilipanguswa kabla hajaufikia mlango, na wageni walikwisha kuzoea, hawakununa tena.

Katika nyumba kama hiyo, nani angethubutu kufuga mnyama? Bintiye wa mwisho ndiye aliyethubutu kuomba. Mtoto huyu aliitwa Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza kwenda haukati uzi. Aliomba paka, akaambiwa paka ana manyoya. Aliomba mbwa, akaambiwa mbwa ana viroboto. Alipotaja kuku, mama yake alimtazama tu, na yeye mwenyewe akaondoka bila kungoja jibu.

Basi siku moja alasiri akaja mjomba wake, mwashi, mdogo wake Mama Sabuni, nguo zimejaa vumbi la saruji na kwapani ameshika boksi lililotobolewa matundu.

"Dada, usinipige," alisema akiwa bado mlangoni. "Kwanza tazama. Ukishatazama, nipige."

Mama Sabuni akainama kutazama, ufagio mkononi. Ndani ya boksi alikuwamo sungura mchanga, mweupe pe, masikio yamelala mgongoni, pua inachezacheza. Kumbukeni kwamba mama huyu alikuwa ameufukuzia weupe kama ule maisha yake yote, kwa sabuni, kwa buluu na kwa jua, wala hakuwahi kuupata sawasawa. Ufagio ulishuka wenyewe. Cherehani aliyechungulia nyuma ya kiuno cha mama yake akakosa neno kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, kisha akaanza kurukaruka hadi beseni moja likamwagika.

"Anaitwa Povu," alisema. "Mama, jina lake ni Povu. Mtazame tu. Si Povu huyu?"

"Atakaa," Mama Sabuni alikata shauri, na mumewe akaacha pasi hewani kwa mshangao. "Lakini sikilizeni wote. Siku nitakayokuta kinyesi kwenye nguo ya mteja, huyu anarudi ndani ya boksi lake, na boksi linarudi kwa mwenyewe."

"Na kwangu mimi, dada, unajua sungura huwa wanaishia wapi," alisema mjomba huku akijipapasa tumbo.

Utani ule Cherehani hakuupokea kama utani. Alimkumbatia Povu kifuani, na tangu saa ile akajiapiza kwamba hakuna mtu atakayemwona Povu akikosea.

Nyumba ile ilipata uhai mpya, jamani. Asubuhi hakuna aliyeulizana habari za usingizi kabla ya kuulizana habari za Povu. Baba mtu alipokuta alama za meno kwenye waya wa pasi alitokwa na jasho jembamba. Akakata kipande cha mpira wa maji na kuupitisha waya ndani yake. "Huyu angekaangika akiwa mzima," alisema, na siku nzima alikuwa akisimulia alivyookoa maisha ya watu. Wateja waliokuwa wakitupa nguo na kukimbia, sasa walivuta kiti. Hata Mama Sabuni, ambaye hakuwa na muda wa kukaa, alionekana akiwa amechuchumaa, anamkwaruza Povu paji la uso kwa kidole chenye mikunjo ya maji.

Tatizo lilikuwa majani. Mjomba alikuwa ameleta na gunia la majani makavu, akasisitiza, "Hiki ndicho chakula, dada. Mengine yote ni mbwembwe." Lakini majani yana tabia zake. Yalipeperuka hadi uani, yakajishikiza kwenye sweta la sufi la mteja mmoja, na yule mteja akalivaa bila kujua na kujikuna kutwa nzima ofisini. Alirudi amefura. Siku hiyohiyo Mama Sabuni akapiga marufuku: majani yasikanyage tena ndani ya nyumba yake. Kuanzia hapo Povu akala vitu safi, kama walivyoviita. Alipewa mkate uliotolewa maganda, biskuti, wali wa kupoa, na karoti zilizomenywa na kuoshwa mara mbili. Alivila kwa pupa, na wao wakashangilia kila alipotafuna, wakidhani wanamtunza kuliko sungura wote duniani.

Kuhusu zile punje zake nyeusi, baba mtu alikuwa amezipa jina la pilipili manga. "Naona leo umetuunga nyumba nzima," humwambia Povu. Cherehani hakucheka. Alikuwa na brashi ndogo na sinia kuukuu, na alitambaa chini ya meza ya pasi, nyuma ya mashine na kando ya mabeseni, akifukuzana na macho ya mama yake. Punje ikidondoka huku, yeye yupo. Ikidondoka kule, amekwisha kufika. Alirudi kutoka shule mbio kwa ajili ya kazi hiyo, na alipolala alilala akiwa amechoka kuliko baba yake.

Kisha, siku moja, alipoingia chini ya meza hakukuta kitu. Akaangalia nyuma ya mashine, hakuna. Akaangalia kila kona kwa mshumaa, kwa kuwa balbu ya chumba kile ilikuwa imeungua, bado hakuna. Kulipokucha akarudia, sakafu ikawa safi kama sahani. Hapo furaha haikumkaa kifuani. Alitoka mbio hadi uani, brashi ingali mkononi.

"Mama, ameacha. Povu ameacha kabisa. Tangu jana hajachafua hata mahali pamoja."

Mama Sabuni aliacha shuka kwenye kamba, akaja kukagua mwenyewe. Alipiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni, akakinusa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umechanua.

"Nyumba hii inafundisha," alisema.

"Mimi mwenyewe ulinifundisha kuvua viatu mlangoni, na ilikuchukua miaka," mumewe akadakia. "Huyu amekushinda kwa akili, mke wangu. Mimi sina wivu."

Wakacheka mpaka machozi. Na kadiri walivyozidi kumtazama Povu ndivyo adabu zake zilivyozidi kuonekana. Hakuzurura tena miguuni mwa watu. Hakuugusa waya. Alijikunyata pembeni, mgongo umepanda juu, macho nusu yamefumba, ametulia kama mtu wa kamati. Aliwekewa biskuti, hakuigusa. "Mnaona? Sasa anajua na kiasi," alisema Mama Sabuni. Cherehani alipomwinamia alisikia kitu kama mtu anayesugua kokoto mbili.

"Mama, anasaga meno."

"Anaota anakula. Mwache mwenzio alale."

Kisha mama akatamka lile neno ambalo mtoto alikuwa akilisubiri kwa hofu na tamaa tangu siku ya boksi. "Huyu sasa ni mtu wa nyumba hii. Harudi kwa mjomba wala haendi popote." Cherehani alimrukia shingoni akilia kwa furaha. Baba akatumwa soda, si ya mtu mmoja, ya kila mtu, na Mama Sabuni akajitwisha kapu la nguo za kupeleka, akitembea kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Kapu lile lilikuwa la makoti meupe ya kliniki ya wanyama iliyokuwa mwisho wa mtaa. Daktari wa pale, mwanamke kijana mwenye mikono iliyokwaruzwa na paka, alikuwa akimfunga mbuzi bandeji mguuni. Aliitikia salamu kwa heshima na kumwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka makoti. Mama Sabuni aliyaweka, lakini hakuondoka. Ana habari, aondokeje?

"Daktari, wewe unatibu wanyama wa watu. Umewahi kuona sungura mwenye adabu?"

"Bado, mama," daktari alitabasamu bila kuinua kichwa.

"Njoo kwangu. Mdogo, juzi tu ameacha ziwa la mama yake, lakini amekwisha kujifunza. Tangu jana hajaangusha kinyesi hata kimoja. Sakafu unaweza kulia chakula."

Mkono wa daktari ukasimama juu ya bandeji.

"Mama, anakula?"

"Siku hizi ana kiasi. Hana pupa."

"Sikuulizi pupa. Anakula au hali?"

Mama Sabuni alifungua mdomo ajibu kwa ile sauti yake ya kujisifu, lakini mawazo yakamrudisha nyumbani. Aliiona biskuti sakafuni. Aliuona ule mgongo uliopanda. Akayasikia yale meno.

"Hali," alisema.

"Basi hiyo si adabu. Tumbo lake limesimama. Sungura akikaa nusu siku hali na hapati choo, hiyo ni dharura, na huyu wako ni mchanga. Mlete sasa hivi, na aje na joto, asipigwe na upepo."

Hakumngoja amalize. Mama Sabuni, mwanamke wa makamo na mwenye mwili wake, alitimua mbio mtaani, kandambili moja ikabaki mlangoni pa kliniki na nyingine akaivua njiani. Fundi viatu alidhani anamkimbiza mwizi, akaokota nyundo yake na kumfuata hatua chache akiuliza, "Kaelekea wapi?" Hakujibiwa. Mama aliingia nyumbani akihema, akawakuta mume na mtoto wanafungua soda, na akamnyanyua Povu kutoka pembeni. Masikio yake yalikuwa ya baridi.

"Taulo," alisema. "Baba Cherehani, taulo. Lipige pasi."

Mume hakuuliza. Aliona uso wa mkewe, na huo ulimtosha. Alipitisha pasi juu ya taulo huku na huku, akalipima joto kwa shavu lake mwenyewe, akalikunjua na wakamfunga Povu ndani yake. Akachomoa pasi ukutani, na wote watatu wakatoka mbio, mlango wa dobi ukiwa wazi na mashine inatetemeka peke yake.

Daktari alimpokea kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, akamweka mezani na kumpapasa tumbo taratibu. "Limejaa na limekaza," alisema. "Anakula nini nyumbani?"

Wakamwambia. Mkate, biskuti, wali, karoti. Walipokuwa wakivitaja wenyewe, vitamu vyote vile vikaanza kusikika vibaya.

"Na majani?"

"Niliyapiga marufuku," alisema Mama Sabuni. "Yalichafua nguo."

"Majani ndiyo yanayousukuma utumbo wake, mama. Yakikosekana, hauendi. Karoti ni kama peremende, kipande kidogo, mara mojamoja. Mkate na biskuti, kamwe." Daktari alikuwa akizungumza na huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano. "Mnamwogesha?"

Mama Sabuni akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama dari.

"Mara moja tu," alisema mama kwa sauti ndogo. "Kwa maji ya uvuguvugu. Na kilainishi cha nguo za watoto."

Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Msirudie. Sungura hujisafisha mwenyewe. Maji humtia hofu na baridi, na vyote viwili vinaweza kumwua."

Cherehani alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole kumi. Machozi yalimtiririka bila sauti, mtoto ambaye alikuwa na sauti ya kila jambo. "Mimi ndiye nilifurahi," alisema. "Hakuwa akichafua, nikafurahi. Nilifurahi anakufa."

Neno lile lilimchoma Mama Sabuni mahali ambapo hakuwahi kuchomwa. Alimvuta mtoto ubavuni mwake. "Wewe ulifagia tu, mwanangu, kwa kuniogopa mimi. Aliyetaka sakafu iwe kavu ni mimi. Kosa ni langu, usilibebe."

"Hamkujua," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sungura si kama mbwa. Hatalia, hatakuita. Huko porini anayeonyesha kwamba anaumwa ndiye huliwa kwanza, kwa hiyo huficha mpaka nguvu za kuficha zimwishe. Ukitaka kujua hali yake, usimtazame usoni, tazama sakafu. Zile punje ndizo salamu zake. Siku zikipungua, kuwa macho. Zikikoma, usingoje kesho."

Alimchoma sindano ya kutuliza maumivu, akampa dawa ya kuamsha utumbo na maji chini ya ngozi. Kisha akawaonyesha jinsi ya kumlisha uji mwepesi wa majani yaliyosagwa, kwa bomba lisilo na sindano, kidogokidogo kando ya mdomo asije akapaliwa. "Mkae naye. Mumwekee majani kila anapogeukia. Akipata choo, amepona. Asipopata hadi kesho mchana mrudisheni, lakini sitawadanganya, hapo itakuwa kazi ngumu."

Jioni ile majirani waliona ajabu. Mama Sabuni alilivuta gunia la majani kutoka banda la nje, akalimwaga katikati ya chumba cha pasi kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa wingi. Nguo za wateja alizihamishia kitandani kwake. Wateja waliofika waliambiwa leo hakuna kazi, kuna mgonjwa, na walipouliza ni nani, wakaambiwa ni Povu, na wengine wakaketi. Familia ililisha kwa zamu, ikasugua lile tumbo dogo kwa ncha za vidole, ikalala hapohapo sakafuni kwenye majani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba bado.

Kulipopambazuka, Mama Sabuni peke yake alikuwa macho, amemlaza Povu mapajani. Alihisi mwili ule unajinyoosha. Povu akashuka, akachechemea hatua mbili tatu, akanusa majani, akavuta unyasi mmoja. Ukaanza kuingia mdomoni polepole, krr krr krr, hadi ukaisha. Akavuta mwingine. Mama akamsogezea majani karibu zaidi. Moyo ulimwenda mbio kuliko jana alipokuwa akikimbia. Na ndipo, palepale mapajani mwake Povu alipokuwa amelala, akaiona: punje moja, ndogo, kavu, imepinda, wala si nzuri kwa mtu yeyote duniani isipokuwa yeye.

Aliiokota kwa vidole. Akaiweka katikati ya kiganja. Kisha akapiga ukelele wa furaha ulioamsha mtaa mzima.

Mumewe aliruka na majani kichwani. Cherehani akaamka analia kabla ya kujua analilia nini. Fundi viatu akatokea mlangoni na nyundo yake. Mama Sabuni alikuwa amesimama katikati yao, kiganja kimeinuliwa, machozi na kicheko vinagombea uso mmoja.

"Amepata," alikuwa akisema. "Amepata choo. Tazameni wenyewe. Njooni muone."

"Mke wangu," alisema mumewe, akijifuta macho kwa mkono wa shati, "nenda kanawe mikono."

"Nitanawa kwa sabuni, tena mara mbili. Ngoja kwanza watu waone."

Punje nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, na kila iliyodondoka ilipokewa kwa vigelegele kama aliyefaulu mtihani. Cherehani peke yake alikuwa amesita. Alisogea hadi kwa mama yake na kumshika gauni.

"Mama, sasa ameacha adabu. Utamrudisha kwa mjomba?"

Mama Sabuni akapiga magoti mpaka macho yao yakawa sawa. "Nguo ikichafuka, mimi nipo na sabuni ipo. Yeye akinyamaza tena, sabuni itanisaidia nini? Hapa ni kwake, mwanangu, na achafue anavyotaka."

Leo hii ukifika kwa dobi huyo utakuta majani hadi mlangoni, na masweta ya sufi yana chumba chake. Povu amenenepa na huzurura miguuni mwa watu bila aibu. Lakini akitulia kidogo tu, na mteja akasema, "Mama, sungura wako ana adabu kweli," Mama Sabuni hasemi ahsante. Huacha nguo majini, huinama chini ya meza ya pasi, na hainuki mpaka ameziona punje kwa macho yake, kwani yeye si wa kuambiwa tena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.